Lusajo Amekiri, Mbona Wasomaji Hawamsamehe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Rungwe na ninaandika riwaya. Mhusika wangu mkuu, Lusajo, ana miaka 13. Mwaka 1999 anaiba shilingi 5,000 kwenye fedha za kikoba ambazo mama yake anawatunzia wanawake wenzake, ili anunue mpira. Anayesingiziwa ni Gwakisa, rafiki yake, mtoto wa jirani anayewakatia majani ya ng'ombe. Gwakisa anapigwa, anaacha shule, anadandia lori la ndizi kwenda Dar es Salaam. Miaka 20 baadaye Lusajo, sasa ofisa wa benki Mbeya mjini, anamfuata sokoni Mabibo, anapiga magoti, anakiri, anasamehewa. Watu watatu wamesoma muswada na wote wamesema mwisho hauwagusi. Mmoja amesema anamchukia Lusajo. Nifanye nini ili msomaji amsamehe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Muswada nimeusoma wote na sura ya Mabibo nimeirudia. Wasomaji wako wana haki, ila wewe dawa unaipaka pasipouma. Unaishughulikia sura ya mwisho, unamwongezea Lusajo machozi, unamrefushia magoti, na kila unapoongeza msomaji anazidi kumkunjia uso. Ugonjwa ulianzia uani kwa mama Lusajo, sura ya pili, siku wanawake walipokusanyika kuhesabu fedha.

Tazama jambo lenyewe lilivyo. Kosa la Lusajo limetendeka mbele ya watu. Wanawake wa mchezo walikuwepo, balozi wa nyumba kumi alikuwepo, wanafunzi wa darasa lake walikuwa wanachungulia kwenye migomba. Jina la Gwakisa liliharibiwa mchana, kwa sauti, na kila mtu akaondoka nalo nyumbani kwake. Halafu ukamleta Lusajo akiri wapi? Zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo, katikati ya mikungu ya ndizi, mbele ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye pekee katika kitabu kizima ambaye hakuhitaji kuambiwa kwamba Gwakisa si mwizi. Kijijini hakuna kilichobadilika. Gwakisa ni mwizi bado, na mama yake ni mama wa mwizi bado. Msomaji hakukaa akaipiga hesabu hiyo kwa vidole, lakini ameihisi, ndiyo maana machozi ya Lusajo yanamkera. Anaona mtu anayelipa deni dogo ili asidaiwe kubwa.

Hilo ndilo ninalotaka kukwambia. Mengine yote hapa chini ni namna ya kulifikia, na nitakaa zaidi uani, kwa sababu huko ndiko ulikokimbia haraka.

Katika muswada wako tukio zima la usaliti lina aya moja. Fedha zinahesabiwa, zinapungua, mtu anapaza sauti kwamba mtoto wa jirani huwa anaingia ndani, watu wanamvamia Gwakisa, na Lusajo "alisimama pembeni asiweze kusema neno." Hakuna aliyemuuliza. Umemlinda. Umempenda mhusika wako kiasi cha kumwepusha na swali, na kwa kumwepusha na swali umemnyima dhambi. Mtu ambaye hakuulizwa ana kisingizio mpaka kufa. Mweke mbele ya balozi, aulizwe kwa jina lake, na watu wote wanyamaze wamsikilize.

Sasa ajibu nini? Waandishi wengi wangemfanya adanganye waziwazi, aseme alimwona Gwakisa akichukua noti. Inawezekana, lakini mtoto wa miaka 13 aliyelelewa kanisani anaogopa uongo mtupu. Atatafuta njia nyingine. Nimejaribu hivi, kwa sauti ya Lusajo mwenyewe kama ulivyoandika wewe:

Balozi akaniuliza, "Jana jioni ulikuwepo nyumbani?"
Nikasema nilikuwepo.
"Nani aliingia chumbani kwa mama yako?"
Gwakisa aliingia. Mama ndiye aliyemtuma akalete koroboi, mvua ilipokuwa inaanza. Nilimwona akiingia na nilimwona akitoka, anaitikisa asikie kama ina mafuta.
"Gwakisa aliingia," nikasema.
Mama aliangalia chini. Nilisubiri aseme habari ya koroboi.

Umeona? Kila neno alilolitamka Lusajo ni la kweli. Balozi akimwita tena kesho, atarudia bila kutetemeka. Amemuua rafiki yake kwa ukweli, na ukweli wa namna hiyo hauna pa kuutubu kirahisi, kwa sababu miaka yote 20 atajiambia kwamba hakusema uongo. Hapo ndipo utakapopata mtu mzima mwenye kutaabika kwelikweli.

Na zaidi ya hapo kuna mama. Mama ndiye aliyemtuma. Alikuwa na sentensi moja ya kumwokoa mtoto wa mwenzake na hakuisema. Kwa nini? Labda aliogopa kuonekana mzembe, kwamba aliacha fedha za watu chumba kisichofungwa. Labda wakati ule ule aliitazama miguu ya mwanawe ikifukunyua udongo akajua. Usitueleze alijua au hakujua. Muweke tu aangalie chini, kisha usiku ule ampakulie Lusajo nyama zaidi ya kawaida. Nyama hiyo itakusaidia sana sura ya mwisho, nitarudi kwake.

Kuna sentensi umeirudia mara nyingi: "nilikuwa mtoto tu." Ifute kila ilipo. Hata Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu haimwendei Lusajo hivyo. Kifungu cha 15 kinasema aliye chini ya miaka 10 hana wajibu wa jinai, na aliye chini ya miaka 12 mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda alilotenda. Lusajo ana 13, kwa hiyo ameshavuka mistari yote miwili. Sisemi umpeleke mahakamani. Nasema riwaya ya mtu anayekua inapata nguvu yake katika umri huu hasa, umri ambao mtu ni mtoto kwa kila jambo isipokuwa hili moja alilolifanya. Ukimwita mtoto, unafunga mlango ambao kitabu chako kinajaribu kuufungua.

Tuje kwenye siku zinazofuata. Umeandika kwamba baada ya kipigo Lusajo "alilia kila usiku" mpaka Gwakisa alipoondoka. Mimi nimelea watoto na nimefundisha wa watu wengine, na sijawahi kumwona mtoto mwenye hatia analia kila usiku. Mtoto mwenye hatia anakula. Anacheza. Anakuwa mkali bila sababu. Na kwa yule aliyemkosea hana huruma hata kidogo, anamchukia, kwa sababu kila akimwona anakumbushwa yeye ni nani. Gwakisa akija shuleni na jicho limevimba, Lusajo atahama dawati. Wenzake wakimzomea "mwizi," yeye atakuwa wa kwanza kucheka, na atacheka kwa sauti kuliko wote. Atamwombea aondoke. Kisha siku fulani asubuhi atasikia kwamba Gwakisa amepanda fuso usiku, na kitu cha kwanza kitakachompata ni nafuu. Atapumua. Huenda atacheza mpira jioni ile vizuri kuliko siku zote.

Andika hiyo nafuu. Usiilainishe wala usiifuatishe mara moja na majuto. Utaogopa kwamba msomaji atamchukia Lusajo, na kweli atamchukia kwa kurasa kadhaa. Lakini chuki hiyo ina faida kuliko huruma unayomlazimisha sasa, kwa sababu msomaji ataitambua. Karibu kila mtu amewahi kupumua vibaya namna hiyo, na hakumwambia mtu. Baada ya hapo Lusajo mtu mzima akisema ana aibu, tutamwamini, maana tumeona aibu hiyo ilipotokea.

Kwa Lusajo mtu mzima, punguza kilio pia. Hatia ya miaka 20 huwa imeshageuka tabia, mwenye nayo haioni tena. Huyu ni ofisa wa benki. Mpe mkono unaohesabu noti mara mbili hata pale mashine imeshahesabu. Mpe ukali usioelezeka siku karani wa chini yake anapotuhumiwa upungufu wa fedha, aidha amtetee kupita kiasi au, vibaya zaidi, akae kimya tena. Mpe nyumba ambayo mtoto wake haruhusiwi kumwita mtoto wa jirani mwizi hata kwa utani, na mke asiyejua kwa nini. Umempa ndoto za usiku. Ndoto achana nazo, ni rahisi mno.

Hapa nipitie haraka makosa madogo ya wakati na mahali, kwa sababu moja kati yake si dogo. Umemwondoa Gwakisa "chini ya jua kali la Julai." Tukuyu, Julai? Wewe unaishi huko, unajua baridi ile na ukungu unaokaa mpaka saa nne, umeandika jua kwa mazoea ya kusoma riwaya za pwani. Pili, kikoba. Vikoba vilisambaa huku bara baada ya mwaka 2000, mwaka 1999 akina mama wa kijijini kwenu walikuwa wanacheza upatu. Upatu ni bora kwako zaidi, kwa sababu kila mzunguko una mwenye zamu. Ningekuwa mimi, zamu ya kesho yake ningempa mama Gwakisa. Fikiria: fedha zimepungua, mtoto anayetuhumiwa ni wa mwanamke ambaye ndiye angepokea. Wenzake watamtazamaje? Atapokeaje? Akizipokea ni mkosaji, akizikataa pia ni mkosaji.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Umempa mama Lusajo simu ya mkononi. Mwaka ule, kijiji cha Rungwe, hapana. Na usilichukulie kuwa kosa la tarehe tu, kwa sababu usaliti wako wote unategemea kutokuwepo kwa simu hiyo. Leo mtoto akikimbilia Dar, kesho yake anatafutwa kwa namba ya dereva. Wakati ule aliyepanda lori alikuwa amekwenda. Barua ilipitia sanduku la posta la shule au la kanisa, na ingefika kama kuna mtu anajua pa kuipeleka. Lusajo alikuwa na saa chache tu za kusema ukweli, tangu lori lilipopakia mpaka lilipofika Uyole. Pale barabara ya Tukuyu inapogonga barabara kuu, kushoto unakwenda Mbeya mjini, kulia unakwenda Makambako, Mafinga, Iringa, unateremka Kitonga, na huko mbele ni Dar. Kabla ya Uyole mtu angeweza kutumwa na baiskeli au kwa basi la alfajiri akaulize. Baada ya Uyole basi. Lusajo mtu mzima anafanya kazi Mbeya, kila akienda kumsalimia mama yake lazima apite njia panda hiyo. Hukuitumia hata mara moja!

Na safari yenyewe ya Gwakisa, mbona haipo? Mtoto amelala juu ya mikungu chini ya turubai, mgongo bado una alama za fimbo, usiku wa Makambako wenye baridi ya kukata masikio, na hajui kama dereva atamshusha. Sura nzima ipo hapo, na wewe umemwacha atoweke kwa nusu sentensi kwa sababu Lusajo, anayesimulia, hakuwepo. Hiyo ndiyo hasara ya kumpa msaliti kalamu peke yake. Sikushauri uache nafsi ya kwanza, inafaa hapa. Ila mlazimishe Lusajo aisimulie safari ile kwa kukisia, miaka mingi baadaye, akiwa ndani ya basi analokaa kiti cha dirishani. Akisie, akosee, na baadaye Gwakisa amsahihishe: sikupita Makambako usiku, tuliharibikiwa Igawa tukakaa mpaka asubuhi. Kule kusahihishwa kutasema mengi kuliko magoti.

Bibi yake Lusajo umempoteza. Kazi yake katika muswada ni kutoa methali kila familia ikikaa kula. Bibi huyo kwa umri uliompa amezaliwa miaka ya 1920, kwa hiyo kaka zake wangeishi maisha ambayo yanaigusa riwaya yako moja kwa moja. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, alifanya utafiti katika nchi ya Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, na mwaka 1951 alichapisha kitabu chake juu ya vijiji vya rika. Alieleza kwamba mvulana akifika miaka 10 au 11 hakulala tena kwa baba yake. Alikwenda na wenzake wa umri wake wakajenga vibanda pembeni, wakawa wanachunga ng'ombe za baba zao na kwenda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wakikua, wakioa, kijiji ni chao. Mwenzako wa rika ndiye jirani yako mpaka uzee.

Ufikirie usaliti wa Lusajo kwa macho ya mtu aliyekulia kwenye simulizi hizo. Kwa bibi, Lusajo hakumsingizia mtoto wa jirani, amemtoa mmoja wa kijiji chake ambacho hakijajengwa bado. Na sababu ya wizi wenyewe ni ile ile: Lusajo alitaka mpira ili wakubwa wamkubali kwenye timu. Amemtoa mwenzake wa kweli ili akanunue wenzake wengine. Umeandika jambo zuri hapo bila kujua, nami nakuomba usilieleze. Bibi aseme tu, siku moja, kaka zake walilala wapi walipokuwa na umri wa Lusajo na walikula kwa nani. Kisha amuulize, "Na wewe unakula na nani siku hizi?"

Wilson aliandika pia juu ya imani ya pumzi ya watu: kwamba majirani wakikasirishwa na ovu la mwenzao, manung'uniko yao yenyewe humletea baridi na homa. Na katika matambiko, waliokuwa na kinyongo walitakiwa wakiseme kwanza. Hasira iliyotamkwa haikuogopwa sana, iliyofichwa moyoni ndiyo iliyodhuru. Usiigeuze riwaya yako kuwa makumbusho ya mila, hilo ni kosa jingine ninaloliona sana kwenye miswada ya huku kwetu. Lakini unaweza kuupindua mpangilio huo na ukapata kitu kikali. Kwenye kitabu chako watu wote wamemnung'unikia mtu asiye na kosa. Gwakisa ndiye aliyepata homa, baada ya kipigo. Lusajo, mkosaji, ni mzima wa afya, anapanda darasa. Bibi anaona hilo. Je, mzee kama huyo ataacha kujiuliza kwa nini pumzi imekosea nyumba?

Sasa kanisa. Wamoraviani na Walutheri wa Berlin walianza kazi katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, kwa hiyo toba ya hadharani kwenu si jambo geni. Watu wamezoea kuona mtu aliyetengwa akisimama mbele ya usharika na kurudishwa kundini. Wewe una sura ambapo Lusajo, akiwa na miaka 28, anasimama kwenye ibada jijini Mbeya, anashuhudia kwamba utotoni alimkosea rafiki, watu wanasema amina, kwaya inaimba, naye anapata amani moyoni. Kwa uandishi ndiyo sura yako bora. Sentensi zinatembea, kwaya naisikia. Lakini umeisoma vibaya wewe mwenyewe, umedhani ni ukombozi. Lusajo ametubu mbele ya watu wasiomjua Gwakisa, jiji lisilo na uani ule, hakutaja jina wala kiasi, na amepongezwa. Hii ni toba ya uongo iliyotendwa na mtu mkweli. Iache kama ilivyo, hata amina usiipunguze, ila ondoa sentensi ya mwisho inayosema mzigo ulimtoka. Weka badala yake mzee mmoja anayemfuata nje, anamshika mkono na kumuuliza kwa upole, "Na huyo rafiki sasa yuko wapi?" Lusajo hajui. Hajawahi kuuliza. Kitabu kitageuka hapo.

Gwakisa. Niseme ukweli, Gwakisa wako simwamini. Ni maskini, mpole, hajawahi kusema neno baya, anapigwa bila kulalamika, anakaa sokoni miaka 20 akimngojea Lusajo aje asamehewe. Malaika ni mwepesi kumsaliti na mwepesi zaidi kumwomba radhi. Mpe kasoro. Awe mtoto anayeiba gololi za wenzake mchezoni, awe na mdomo mchafu, awe amemwaibisha Lusajo mara moja mbele ya wasichana, ili watu wa uani wawe na kitu cha kuwafanya waamini. Mpe pia maarifa: alijua. Alimwona Lusajo na noti, au aliuona mpira mpya akajumlisha. Na hakusema, kwa sababu nani angemsikiliza? Mtoto anayekata majani kwenye nyumba ya watu anamshtaki mtoto wa nyumba hiyo? Hata angesema, neno lake lingekuwa ushahidi wa pili dhidi yake.

Sokoni Mabibo, yule mtu awe na shughuli zake. Ni dalali wa ndizi, ana wateja, ana mtoto anayetaka hela ya daftari, lori linasubiri kushusha. Lusajo akipiga magoti kwenye tope na suti yake ya benki, Gwakisa ataona aibu kwa niaba yake na atamwambia ainuke, watu wanatazama. Hatakuwa na hotuba. Atamuuliza mama yake Lusajo hajambo. Atauliza bei ya mkungu Kiwira. Kisha Lusajo akisisitiza, akirudia "nisamehe, nisamehe," ndipo Gwakisa amwambie kitu kimoja: mimi nilishamaliza na wewe zamani, kaseme kwa mama.

Mama yupi? Mama Gwakisa, ambaye baada ya siku ile aliacha upatu, akaacha kwaya, na kwa miaka 20 amekuwa akipitia njia ya nyuma kwenda kisimani. Umemtaja mara mbili tu katika kurasa zote hizo! Yeye ndiye aliyebaki mahali pa tukio. Mwanawe alikwenda kuanza maisha ambako hakuna aliyemjua, yeye aliamka kila siku katikati ya watu waliohesabu fedha.

Na kwenda kusema kwa mama Gwakisa si kumtembelea faragha na mfuko wa sukari. Kwenu, jambo la namna hiyo lina utaratibu. Unamtuma mtu mzima akatangulie, siku inapangwa, wahusika waliobaki wanaitwa, kinachodaiwa kinatajwa. Lusajo lazima arudi uani kule kule, mbele ya wanawake wale ambao sasa ni vikongwe na mbele ya mtoto wa balozi kama balozi amekufa, aseme maneno mawili: fedha nilichukua mimi, na koroboi Gwakisa alitumwa.

Umeona tatizo lilipo? Akitaja koroboi, amemtaja aliyemtuma. Mama yake mzazi yupo pale, ana miaka 68, ni mzee wa kanisa, magoti yanamuuma. Lusajo hawezi kulirudisha jina la mama Gwakisa bila kuligusa jina la mama yake mwenyewe. Anaweza kukiri nusu, aitaje fedha aiache koroboi, na watu wote watampongeza kwa ujasiri. Hiyo nusu itakuwa ni ile ile sentensi ya utotoni, ya kweli na ya kusaliti. Hapa ndipo kuna uamuzi, na bila uamuzi wa kumgharimu mtu kitu anachokipenda hakuna ukombozi wa kusimulia.

Anachagua nini, hilo ni lako. Mimi nina ninachokipendelea: amkute mama yake usiku wa kuamkia siku hiyo, amwambie atakachosema kesho, na mama ainuke bila kujibu aende kumpakulia chakula. Kesho yake, Lusajo akiwa amefika kwenye fedha, kabla hajafungua mdomo kwa koroboi, mama aseme mwenyewe. Au asiseme, na Lusajo amalize. Njia zote mbili zinafaa. Isiyofaa ni ya tatu, ambayo najua itakushawishi, ya kumuua mama kwa ugonjwa sura moja kabla ili asiwepo.

Kuhusu swali lako la msomaji kusamehe, liondoe kwenye meza unapoandika. Lusajo akirudisha jina, wapo watakaomsamehe na wapo watakaoendelea kumchukia, na yule msomaji wako aliyesema anamchukia nadhani atabaki huko. Mama Gwakisa naye usimlazimishe. Anaweza kusikiliza mpaka mwisho, akauliza mwanawe hula nini huko Dar, akaondoka kwa njia ya mbele.

Anza na sura ya uani, usiguse nyingine mpaka hiyo isimame. Irefushe iwe hata kurasa kumi na mbili, kuanzia wanawake wanapofika mpaka mtu wa mwisho anapoondoka. Ukiimaliza nitumie hiyo peke yake, pamoja na ya kanisani. Ya Mabibo iweke kabatini kwanza.